Tamthilia zetu zinasahihishwa na nani?

Wadau, niko zangu Mwanga likizo, nasoma makala za wasomi kuhusu tamthilia za runinga mpaka macho yanauma. Nyingi zinahesabu tu: wangapi wametazama, wangapi wamebadili tabia. Kwamba kipande hiki kimeigizwa vizuri na kile hovyo, hakuna anayethubutu!

Ugonjwa wa zamani huu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza Twende na Wakati, Dodoma haikurushiwa mpaka 1995 ili watafiti walinganishe nani kaanza uzazi wa mpango. Sawa, ile ilikuwa afya. Lakini Siri ya Mtungi ya 2012, ile ya Cheche mpiga picha, nayo tuipime kwa kondomu tu? Taa, ukimya, macho ya mwigizaji, havina maksi?

Eti ubora ni ladha ya mtu. Ladha! Mbona Kilio Chetu, nayo ya UKIMWI, tuliisoma sekondari kwa fani na maudhui, na ukiruka fani unakatwa? Mama zetu hapa Mwanga mwigizaji akilia kwa kulazimisha wanasonya, na ukiwauliza sababu wanayo.

Insha yangu muhula ujao naandika kipande kwa kipande, nani kaigiza, nani kakariri. Mhadhiri akidai takwimu, nitamuuliza Kilio Chetu ilisahihishwaje.