Mbwa akijikuna, tuangalie na pale anapolala



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja alitushika mkono akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, mbwa wetu anajikuna usiku kucha. Manyoya yanaanguka, anatoa harufu. Baba watoto amesema akimaliza mwezi huu hivi, atamtafuta mtu wa kumwua. Watoto wanalia. Tufanye nini?» Tuliahidi kumjibu hapa, kwa sababu tunajua si yeye peke yake mwenye shida hiyo. Mbwa ndiye anayelinda parseli zetu usiku, na watoto wetu wanacheza naye mchana.

Kabla ya kufundisha, tukiri kosa letu. Mbwa wetu Simba alipoanza kujikuna, jirani alituambia tumpake mafuta ya vidanje, yale meusi wanayotoa katika mashini za pikipiki. Tukampaka mwili mzima. Mbwa hujilamba, nasi hatukulifikiri. Alitapika siku mbili, na ngozi ya tumbo ikachubuka kama ya mtu aliyeungua na maji ya moto. Tulipomfikisha kwa veterineri, alituuliza swali moja tu: «Mwalimu, ninyi mngeyanywa mafuta haya?» Tulinyamaza. Alimwosha, akamtunza, akatuonyesha kwamba shida yenyewe ilikuwa viroboto tu. Akatupa dawa.

Simba alipona, tukafurahi. Baada ya majuma matatu, akaanza tena kujikuna! Tulidhani dawa ilikuwa mbaya. Kumbe tulimtunza mbwa, lakini gunia analolalia tuliliacha palepale pembeni ya jiko.

Hilo ndilo somo letu la leo. Viroboto mnaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 40 kwa siku. Mayai hayo hayashiki katika manyoya, yanaanguka katika gunia, katika mkeka, katika nyufa za sakafu. Kwenye joto yanaweza kuwa viroboto wakubwa kwa majuma mawili au matatu, na wengine wanajificha ndani ya kifuko chao miezi mingi wakimngoja mbwa apite. Ukiua walio juu ya mbwa peke yao, umechota maji ya mvua na dari bado linavuja.

Kwanza, tuangalie anajikuna wapi. Mahali panasema mengi.

Akijitafuna mgongoni karibu na mkia, tufikiri viroboto. Chaneni manyoya yake juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa kidogo. Vikianguka vipunje vyeusi vikageuka vyekundu, hiyo ni damu iliyotoka katika mavi ya viroboto. Hapo hakuna shaka tena.

Akijikuna kingo za masikio, viwiko na tumbo, ngozi ikiwa nyekundu yenye magamba na manyoya yakiisha, yawezekana ni upele. Huo unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi, na unapita haraka kwa mbwa wengine. Hapo sabuni peke yake haitoshi, ni lazima dawa ya veterineri.

Akiwa na madoa ya mviringo yasiyo na manyoya, huenda ni choa, na choa kinawapata watoto pia. Akilamba nyayo sana, tazameni kati ya vidole: kupe wanajificha hapo, na funza vilevile. Kupe tumkamate karibu kabisa na ngozi, tumvute polepole bila kumpasua.

Pili, kazi yote ifanyike siku moja. Asubuhi tunamwogesha mbwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kama ile ya mtoto mchanga. Sabuni kali ya kufulia inakausha ngozi na kuongeza mwasho. Tuanze shingoni, viroboto wasikimbilie kichwani. Tuache povu dakika kama kumi, kisha tusuuze vizuri sana, maana sabuni inayobaki nayo inawasha. Tumkaushe kwa kitambaa, akae juani. Mbwa mwenye afya anatoshwa na kuoga mara moja kwa mwezi.

Wakati anakauka, gunia lake la zamani tunalichoma. Kama ni kitambaa, tunakifua kwa maji ya moto na kukianika juani. Tunafagia pale anapolala, hasa pembeni na katika nyufa, na takataka tunazichoma nje. Sakafu ikiwa ya simenti, tunamwaga maji ya moto, watoto wakiwa mbali. Kisha tunarudia kufua na kufagia kila juma, muda wa mwezi mzima au zaidi. Sisi tulichoka juma la pili, lakini tuliendelea, na la sita Simba alikuwa analala usiku. Kama kuna mbwa wawili au paka nyumbani, wote watunzwe pamoja, kila mmoja kwa dawa inayomfaa. Dawa nyingine za mbwa zinaua paka.

Tatu, vitu vya kukataa. Mafuta ya vidanje, petroli na mafuta ya taa vinaunguza ngozi na vina sumu. Dawa ya kupulizia mashamba inaweza kumwua mbwa siku ileile, na mtoto anayemshika naye yuko katika hatari. Unga wa tumbaku ni sumu. Sindano ya ng'ombe ya ivermektini isichomwe kwa kubahatisha: mbwa si ng'ombe mdogo, kipimo kikizidi anaanza kuyumba, anaweza kufa. Vidonge vyetu vya maumivu, kama paracetamol na ibuprofen, tusimpe.

Nne, chakula. Ngozi na manyoya vinajengwa na vyakula vya kujenga mwili, kama tunavyowafundisha watoto darasani. Mbwa anayekula bugali peke yake kila siku atakuwa na manyoya makavu yanayokatika, hata kama hana mdudu hata mmoja. Hatuwezi kununua nyama kwa ajili ya mbwa, tunajua. Lakini vichwa vya sambaza au vya ndakala tunavyotupa, tuvichemshe bila chumvi, tuvichanganye na bugali. Yai moja lililochemshwa mara kwa mara, na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, vinasaidia. Vitunguu tusimpe kabisa, vinaharibu damu yake. Tuwe na uvumilivu: manyoya mapya yanahitaji kama miezi miwili kuonekana.

Lini tumwite veterineri? Kama kuna vidonda vyenye usaha, kama amekataa kula, kama manyoya yanaisha mwili mzima, au kama mtoto wa mbwa ana viroboto wengi na fizi zake zimekuwa nyeupe. Huyo anaishiwa damu, tusingoje kesho. Na mkifika pale, ulizeni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye maumivu anaweza kung'ata hata mtoto anayempenda. Aking'ata, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Neno la mwisho ni kwa ajili ya watoto. Mdudu wa upele wa mbwa anaweza kuwawasha mikononi na tumboni, pale walipomkumbatia. Mara nyingi mwasho huo unaisha mbwa akipona. Mtoto akiendelea kujikuna, hasa kati ya vidole na usiku, huo huenda ni upele wa watu, unaopita toka mtu hadi mtu, na mbwa anasingiziwa bure. Apelekwe kituo cha afya. Tena, mtoto mdogo akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata minyoo. Basi mikono ioshwe kila baada ya kucheza na mbwa, na mbwa asilale kwenye mkeka wa watoto.

Kwako mama uliyetushika mkono: mwambie baba watoto atupe mwezi mmoja zaidi. Leo choma lile gunia, mwogeshe mbwa, na Jumatatu nendeni kwa veterineri. Sisi tutapita kwenu Jumamosi kukusaidia kufagia.

Mpaka juma lijalo, mbaki na amani.