FRENI KWANZA, RANGI BAADAYE



Sisi viongozi wa wanafunzi, wa darasa la sita, tuna neno juu ya ile Land Rover iliyo katika parsele ya babu ya mwenzetu mmoja, hapa Mususa. Ni ile fupi ya inchi 88, Series IIA, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu 1961 mpaka 1971. Kila Jumamosi tunaenda kumsaidia mzee. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamekwisha kuja mara mbili na mizani yao, na mzee amesema: isipotembea mbele ya Noeli, waipime kilo.

Basi haraka imeingia, na mabishano pia. Wenzetu wengine wanataka tuanze na rangi nyekundu, magurudumu mapana na muziki. Sisi hapana. Bodi yake ni ya aluminiyumu, haishikwi na kutu kama chuma, inaweza kungoja. Kinachooza ni shasi. Kupaka rangi juu ya shasi iliyooza ni kumvika maiti suti.

Na freni je? Hii motokari ilitoka na njia moja tu ya mafuta ya freni. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa freni. Milima ya Butembo mnaijua, na wamama wanaopanda na mizigo mgongoni mnawajua. Kwa hiyo kitu cha kisasa cha kununua kwanza ni silinda kubwa ya freni yenye njia mbili, ili ya mbele ikikufa, ya nyuma ibaki.

Wengine wanasema tuweke motere ya Toyota ya mazuti. Vipuri vyake vinapatikana mjini, hatubishi. Lakini mashafti ya nyuma ya Land Rover hizi ni dhaifu. Motere ya nguvu zaidi itayavunja, na mtalala njiani kabla ya kufika Beni.

Tena kuna jambo la aibu. Jumamosi iliyopita mmoja wetu (kiongozi, si mtoto wa darasa la kwanza!) alishika mashine ya kuchomelea karibu na kiti cha mbele. Chini ya kile kiti ndipo tanki ya esanse inakaa. Akasema, "Si ni tupu?" Kumbe tupu ndiyo mbaya, sababu inajaa mvuke. Mzee alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Tuliifungua tanki, tukaibeba mpaka nyuma ya migomba, mikono ikitetemeka.

Na vumbi la freni msilipulize kwa mdomo. Freni za zamani zina amianti, inaharibu mapafu. Futeni kwa kitambaa cha maji.

Tunakosa funguo za inchi. Zile za milimita zinakula vichwa vya bolti. Aliye nazo kwao aombe ruhusa ya baba, azilete Jumamosi saa tatu.