Umekonda si Salamu

Mwaka jana nilikwenda msibani kijijini kwetu, upande wa Masaka. Sikuwa nimefika huko kwa miezi kumi na sita. Kabla sijampa mkono mfiwa, shangazi yangu alinishika kifundo cha mkono, akakizungusha kama anayechagua kuni, kisha akasema kwa sauti iliyosikika turubai zima: "Okozze!" Yaani, umekonda. Wanawake waliokuwa wakimenya matoke wakanyamaza. Nilipozunguka nyuma ya nyumba kunawa, nikasikia sauti mbili zikiulizana kama nimeshapima, na kama baba yangu anajua.

Nilikuwa mzima. Nilikuwa mzima kuliko wakati wowote tangu nimalize shule ya msingi. Nilikuwa nimeshuka kutoka kilo 112 hadi kilo 74, na zile kilo 38 nilizipunguza kwa makusudi, moja baada ya nyingine. Naandika insha hii kudai jambo moja tu: neno "umekonda" liondoke katika salamu zetu, na sisi wanafunzi wa lugha tuwe wa kwanza kuliacha. Wala sitaki mahali pake pawekwe "hongera, umepungua". Hilo nalo nitalifikia.

Nianze na sababu iliyonifanya nipunguze uzito, maana wapo watakaosema naiga wembamba wa picha za magazeti. Baba yangu ana kisukari aina ya pili. Mwaka 2019 alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Ulianza kama lengelenge la kiatu kwenye kidole, likawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Miaka mitatu baadaye nami nikapimwa sukari kabla ya kula chochote, ikawa milimoli 6.6 kwa lita. Muuguzi akaniambia, "Binti, bado hujaingia, lakini uko mlangoni." Niliporudi hosteli siku ile sikuwaza urembo. Niliwaza mguu wa baba.

Nikaacha soda. Chai yangu ya vijiko vinne vya sukari ikawa chai kavu. Roleksi ya saa nne usiku nikaiaga, na kikomando nikakibakiza kwa siku ambazo mfuko umeniishia kabisa. Boda boda nayo nikaiacha, nikawa natembea kutoka Wandegeya hadi Bwaise na kurudi kila alfajiri, mvua isiponizuia. Ilinichukua miezi kumi na tisa. Kipimo cha mwisho kilisoma 5.1.

Kwamba uzito na kisukari vinahusiana hivyo si hadithi yangu peke yangu. Desemba 2017 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao DiRECT, uliofanywa Scotland na Tyneside, huko Uingereza, kwa watu wenye kisukari aina ya pili. Waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, 46 kati ya kila 100 walikuwa wametoka katika kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 kati ya kila 100. Kwa hiyo kilo ambazo shangazi alizililia msibani ndizo huenda zikaniachia miguu yangu miwili.

Hata hivyo sitaki kumdhihaki shangazi. Hofu yake ina chimbuko, na chimbuko lenyewe tunalijua wote. Jarida lile lile, mwaka 1985, lilichapisha makala ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiua watu Rakai na Masaka. Watu wa huko walikuwa wameshaupa jina, wakiukopa wembamba kutoka Kiingereza: Silimu. Katika Kiganda upo pia Mukenenya, ugonjwa unaomwisha mtu taratibu. Kizazi cha shangazi kiliwaona wavuvi na wachuuzi wa Kasensero wakikonda na kuzikwa tangu mwaka 1982. Kilimwona mwanamuziki Philly Lutaaya akitangaza hali yake hadharani mwaka 1989, kisha akifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Kwa watu wale mwili uliopungua ulikuwa barua ya kifo, na kila jirani alijua kuisoma.

Lakini nyakati zimebadilika, na barua ile haisomeki tena kwa macho. Leo anayetumia vizuri dawa za kufubaza VVU anaweza kuwa mnene, mwenye kazi na watoto, na hakuna atakayemjua kwa kumtazama. Na aliye mwembamba anaweza kuwa mwembamba kwa kuzaliwa, kwa mbio, kwa msongo wa mitihani, kwa kukosa ada na kula mara moja kwa siku, au kwa kutaka kuiokoa miguu yake. Tumebaki na jicho la mwaka 1985 wakati hospitali ina vipimo vya kila namna.

Mtaniambia: watu huuliza kwa upendo. Basi nitawasimulia yaliyompata mwenzangu wa chumba, ambaye ameniruhusu kuyaandika. Naye alipungua, kwa sababu tofauti na yangu. Alikuwa akikohoa, na usiku shuka lake likilowa jasho. Alipoanza kuulizwa darasani, "Mbona umekonda, vipi?" alianza kuvaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, katika joto la Februari. Akaacha kula nasi ili tusione sahani anayoibakiza. Na kuna mhadhiri mmoja, mtu mwema kabisa, aliyemsimamisha koridoni akamwambia mbele yetu, "Hongera! Umepungua, umependeza." Alicheka, akashukuru. Usiku ule aliniambia huenda basi hali yake si mbaya, kwa kuwa hata mwalimu ameisifu. Zikapita wiki nyingine tano kabla hajakubali kwenda kupima. Kilikuwa kifua kikuu. Ametumia dawa miezi sita, amepona. Lakini wiki zile tano nilikuwa nalala kitanda cha pili, na dirisha tulikuwa tunalifunga kwa sababu ya mbu.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wapafikirie. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua, nasi hupenda kulitumia neno hili kumlaumu mgonjwa. Je, sisi tunaomfundisha kuficha, tumelaumiwa lini? Aliyeulizwa mbele ya watu alijificha. Aliyepongezwa mbele ya watu alidanganyika. Maswali yote yale hayakumfikisha hospitali. Kilichomfikisha ni mwenzetu mmoja aliyemngoja hadi watu wametoka, akaketi kitandani pake, akasema, "Usiku nakusikia unakohoa. Kesho sina kipindi, twende pamoja." Hakutaja mwili wake hata kidogo. Upendo unaujua mlango wa faragha, tena hungoja jibu. Anayepaza sauti kwenye turubai au koridoni tayari amekwisha kujijibu.

Nami sikupona na maneno yale. Baada ya msiba nilianza kula ili nionekane. Nilinunua chapati mbili usiku, nikarudisha sukari kwenye chai, nikaenda nyumbani Krismasi nikiwa nimeongezeka kilo tisa. Shangazi akafurahi, akasema sasa nimekuwa mtu. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakusema kitu. Aliisogeza tu bakuli ya sukari mbali na kikombe changu. Nimezitoa kilo zile tena, na mara hii zilikuwa ngumu kuliko zile 38 za kwanza.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yetu. Tazameni jinsi Kiswahili tunachojifunza kinavyoupima mwili. Mtu mnene husemwa "ana mwili", kana kwamba mwembamba hana. Husemwa "ana afya", hata kama shinikizo la damu limempanda. Anayejinyima ili apungue "anapunguza mwili". Wenzetu wa Tanzania wakikuona umepungua husema "umeisha". Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza na mwanafunzi kutoka Mwanza, nilidhani nimekosea kusikia: nimeisha, nami nimesimama mbele yake? Ng'ombe wa kiangazi hukonda, mgonjwa hukonda, mwenye huzuni hukonda. Neno hilo halina nafasi ya mtu aliyeamua. Kwa hiyo anayelitamka huwa ameshachagua kati ya maradhi, njaa na majonzi kabla mwenye mwili hajafungua kinywa.

Mwingine atasema: ndiyo desturi yetu, na desturi haifutwi kwa insha. Desturi zetu zimekwisha kubadilika mara nyingi. Speke alipopita Karagwe mwaka 1861 aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene wao ulikuwa fahari ya nyumba yenye ng'ombe. Leo hakuna hata mmoja wetu anayemtakia dada yake hali hiyo. Kizazi kilichojifunza kusema "anaishi na VVU" badala ya majina ya kejeli ya zamani hakiwezi kushindwa kuacha neno moja la koridoni.

Tena hatuna upungufu wa salamu. Mhula wa kwanza tu tulifundishwa hujambo, u hali gani, habari za siku nyingi, habari za nyumbani, za masomo, umeshindaje. Wengine tulinung'unika kwamba Waswahili wanasalimiana mno. Sasa naona salamu zile zina hekima moja: zote ni maswali, na jibu wameachiwa wenyewe. Ukiniuliza u hali gani, naweza kusema njema nikapita, naweza kusema njema kidogo ukaelewa, naweza kukaa nikakueleza. Mwenzangu mwenye sweta mbili angeweza siku moja kukujibu ukweli. "Umekonda" haliulizi. Linamtangazia mtu habari za mwili wake mwenyewe, kisha linamwacha ajitetee.

Ninalowaomba wenzangu na walimu wangu ni hili. Mkiona mtu amepungua, mnene amekuwa mwembamba au mwembamba amekwisha kabisa, msilitamke wala msilisifu. Msalimieni kama zamani. Mkiwa na wasiwasi wa kweli, mngojeni akiwa peke yake, mumwulize anaendeleaje, na muwe na nafasi kesho yake asubuhi ya kumsindikiza. Kama hamna nafasi hiyo, habari za masomo zinatosha.