Farasi wa Karatasi

Wapenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani wana hadithi wasiyochoka kuisimulia. Injini za V8 za miaka ya 1960, wanasema, zilikuwa na nguvu za kutisha. Kisha serikali ikaleta sheria za moshi, na ilipofika 1972 nguvu hizo zikawa zimekatwa karibu nusu. Ushahidi wao ni namba za kwenye vijitabu vya mauzo. Ni kweli namba hizo zilichapishwa, lakini hadithi iliyojengwa juu yake ni potofu, na hadi leo inawatoa watu fedha nyingi kwa nguvu ambazo hakuna aliyezipima.

Tuanze na jinsi namba hizo zilivyopatikana. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu kwa kipimo kilichoitwa SAE gross. Injini ilifungwa peke yake kwenye mashine ya kupimia, bila chujio la hewa, bila alteneta, moshi ukitoka kwenye mabomba yaliyo wazi badala ya ekzosi yenye silensa, na taiming ikachezewa mpaka itoe yote iliyokuwa nayo. Hakuna mteja aliyewahi kukabidhiwa gari la namna hiyo. Mwaka 1972 viwanda vikawa vimehamia SAE net, yaani injini inapimwa na kila kinachoifuata barabarani. Kubadili kipimo peke yake kulitosha kuporomosha namba.

Chukua LT-1, injini ya Chevrolet Corvette. Mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 370. Mwaka 1971 mgandamizo wa silinda ulishushwa kutoka 11:1 hadi 9:1 ili injini iweze kutumia petroli yenye okteni ndogo, na namba ikawa 330. Hasara hiyo ni ya kweli, sibishi. Lakini mwaka huohuo injini hiyohiyo, bila kubadilishwa hata skrubu, ilitangazwa pia kwa kipimo kipya: farasi 275. Mwaka 1972 ikawa 255. Kwa hiyo kati ya farasi 115 wanaoliliwa, 55 hawakuwahi kufika kwenye magurudumu ya mtu yeyote. Walibaki kwenye chumba cha majaribio.

Halafu kuna udanganyifu wa upande wa pili, ambao wasimulizi hao hao huusahau. Injini ya L88 ya Corvette, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano kati ya 1967 na 1969, ilitangazwa kuwa na farasi 430. Ndugu yake wa barabarani, L71, alipewa 435. Aliyeijua injini hiyo hakuamini. L88 ilikuwa na mgandamizo mkubwa zaidi, kamshafti kali zaidi na ilihitaji petroli ya mashindano, iweje iwe dhaifu? Namba ndogo ilikuwa na faida zake. Kampuni za bima ziliwatoza zaidi wenye magari yenye nguvu, na NHRA, wasimamizi wa mbio za robo maili, walipanga madaraja kwa kulinganisha uzito wa gari na nguvu zilizotangazwa. Kiwanda kikitaja farasi wachache, gari lake linaangukia daraja rahisi. NHRA wenyewe ilibidi waanze kuzipandisha baadhi ya namba hizo.

Wapo watakaosema kwamba wao hawaangalii karatasi, wanasikiliza mlio. Huko ndiko kupotea zaidi. Ule mngurumo wa kukatika-katika gari likiwa limesimama hutokana na kamshafti inayoacha valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Kwenye mzunguko mdogo injini hiyo inapumua vibaya na kupoteza nguvu. Inalipa tu ikizungushwa sana. Ukiifunga kwenye gari lenye gia za safari ndefu, unapata kelele nyingi na gari zito kuondoka. Wala sikio halikuambii kama taiming iko sawa au kama kabureta inamwaga petroli kupita kiasi. Taa ya taiming na rangi ya plagi zitakuambia.

Kipimo cha kweli kipo, na si ghali. Peleka gari kwenye uwanja wa robo maili, ulipime uzito, kisha uangalie kasi linapovuka mstari wa mwisho. Usiangalie sana sekunde, kwa sababu matairi na ufundi wa kuondoka huzibadili mno. Kasi ya mwisho haidanganyiki kirahisi. Kwa kanuni wanayoitumia wanamashindano, gari la kilo 1,800 pamoja na dereva likivuka mstari kwa maili 100 kwa saa, yaani karibu kilomita 161, injini yake imetoa farasi wapatao 310, hata kama kibandiko juu ya chujio la hewa kimeandikwa 400.

Kwa hiyo ukiuziwa gari la aina hii, usilipie kibandiko wala mlio. Dai karatasi ya uwanjani yenye kasi na uzito, na muuzaji akikataa kuitoa, mpunguzie bei.