Roboti Yenye Sura ya Mtu: Ni Nani Anayesema?

Mwezi Mei 2019, mjini Kigali, wajumbe wa mkutano wa Transform Africa walimwona mgeni aliyevaa mushanana, vazi la heshima la wanawake wa Rwanda. Alitabasamu, akasema maneno machache ya Kinyarwanda, akajibu maswali. Mgeni huyo alikuwa Sophia, roboti iliyoundwa Hong Kong na kampuni ya Hanson Robotics na kuwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Lugha yenyewe hapa hutega mtego. Mashine, katika ngeli yake, "imesema". Lakini mbele ya uso unaopepesa macho, ulimi wa Mswahili huteleza na kusema "amesema", kama ilivyotokea katika aya iliyotangulia. Mwanasesere naye huitwa "huyu", wala mtoto hadanganyiki. Mwanasesere, hata hivyo, hajibu.

Picha za maonyesho ya namna hiyo hufika hata Masanze, wilayani Kilosa, kwa simu za mkononi. Mtazamaji wa huko huuona uso tu. Nyuma ya uso mna mota ndogo zinazovuta ngozi ya mpira ili ikunjamane kama ya mtu. Machoni mna kamera. Maneno ya jukwaani aghalabu yameandikwa mapema na binadamu, na majibu mengine huchaguliwa na programu, ambazo sehemu yake ilitungwa na vijana wa maabara ya iCog, Addis Ababa. Hakuna aibu katika hayo. Kuigiza ni sanaa, na kazi ya vijana wale yastahili sifa. Aibu ni kulifanya igizo kuwa ushahidi wa akili, kama ilivyokuwa Oktoba 2017, Saudi Arabia ilipotangaza kuipa mashine hiyo uraia.

Wamakonde walilifahamu jambo hili zamani. Katika ngoma ya mapiko, wasiopita jandoni waliambiwa kwamba anayecheza ni mfu aliyerudi. Kijana alipoingia jandoni alionyeshwa mtu aliye chini ya kinyago. Ngoma haikuharibika kwa hilo. Aliendelea kuifurahia, ila sasa alijua ni nani wa kuulizwa.

Roboti za maonyesho hazina jando, na hasara yake si ndogo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitoa programu iliyogeuza sentensi za mtu kuwa maswali. Haikuwa na uso wala sauti, bali watu waliimwagia siri zao. Hata katibu wake alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Programu za leo ni hodari mno kuliko ile, na nyingine zaongea Kiswahili. Mkulima atakayeiuliza mojawapo juu ya dawa ya mtoto, kisha akapotoshwa, atamdai nani? Sharti ajue kwamba nyuma ya sauti ile kuna kampuni na watu.

Waundaji wa Sophia wenyewe waliacha kisogo chake bila nywele, mitambo ikionekana, lakini wapiga picha husimama mbele. Roboti kama hiyo ikiletwa mbele ya wanafunzi wa Kilosa, ianze kwa kugeuzwa mgongo, na fundi wake asimame kando yake aeleze kila waya, na kila sentensi aliyeiandika.