Aliyeshindwa Atoe Mji

Wapo wenzetu wasomi ambao, kila tamthilia kubwa ya kale inapoguswa, hupiga kelele kana kwamba kaburi limefukuliwa. Kwao Shakespeare na Sophocles ni watu wa kusomwa kwa unyenyekevu, na kazi ya msomaji ni kukaa kimya mpaka pazia lishuke. Mwaka 2013 Ryan North wa Kanada alitoa kitabu kinachoigeuza tamthilia ya Hamlet kuwa mchezo wa kuchekesha, ambamo msomaji hujichagulia mhusika na kuamua la kufanya katika kila njia panda. Mwaka 2016 akafanya vivyo hivyo kwa Romeo na Juliet. Wenye mawazo niliyoyataja wataviita vitabu hivyo upuuzi. Wengine, wenye kasumba ya aina ya pili, watasema huo ni uvumbuzi wa ng'ambo unaotupasa kuuiga. Makundi yote mawili yamekosea.

Tuanze na hao wa kwanza. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venisi. Hakuiita Mfanyabiashara, aliiita Mabepari wa Venisi. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana hapa hapa Arusha, mwishoni mwa Januari 1967, na kulipitisha Azimio. Kwa neno moja la jalada, tamthilia iliacha kuwa habari ya mtu mmoja, ikawa habari ya tabaka. Hiyo nayo ni njia panda, na mfasiri alichagua njia yake bila kuomba ruhusa London. Ikiwa Mwalimu alichagua, mwanafunzi wa Ngarenaro au Usa River anakatazwa kwa sheria gani?

Sasa hao wa pili. Nani asiyelijua fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, aliyefika mtoni akakuta mtumbwi usioweza kubeba zaidi ya kimoja kwa safari? Msimulizi husita, akauliza: avushe nini kwanza? Mtoto akisema majani, mbuzi ameliwa, na wote hucheka. Akisema chui, majani yamekwisha, na wote hucheka tena. Hujaribu mpaka atambue kwamba mbuzi atangulie, kisha arudishwe, kisha avushwe mara ya pili. Na katika vitendawili, ashindwaye kujibu huambiwa atoe mji. Tena, katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji kuyaigiza na kuyajadili matatizo yao wenyewe. Basi hatufundishwi jambo jipya. Tunakumbushwa mali yetu tuliyoiacha uani.

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli: katika michezo hii imo hatari moja. Mwandishi mvivu atampa msomaji njia kumi, na zote zitaishia katika kicheko kile kile. Tumchukue Mfalme Edipode, ambaye Samuel Mushi alimleta katika Kiswahili mwaka 1971. Kwenye njia panda anakutana na mzee mwenye kiburi, wanagombania njia, naye anamuua bila kujua kwamba ni baba yake. Msomaji akichagua kumpisha mzee yule kwa adabu na kumwamkia shikamoo, tutacheka, na tutakuwa tumejifunza pia kwamba hasira ndiyo iliyoutimiza utabiri. Lakini kumpisha huko kusipomgharimu kitu, mchezo umekuwa peremende. Uchaguzi usio na gharama hauwi uhuru. Ni namna nyingine ya kumlaza mtu usingizi.

Sisi tuishio chini ya Mlima Meru tunalijua jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo, na nyumba zao zikachomwa moto. Njia zilikuwepo: kuondoka kimya, kupigana, au kudai haki mbele ya dunia. Walichagua kudai. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ardhi haikurudishwa papo hapo, lakini kesi yao iliwafumbua macho wengi katika Tanganyika. Hakuna aliyewaandikia mwisho wa kisa kile kabla hawajachagua, na gharama waliilipa wenyewe.

Kwa hiyo nawataka waandishi wetu wazichukue tamthilia za kale, za wageni na zetu wenyewe, waziandike upya kwa Kiswahili chenye mzaha na njia panda nyingi. Waandike na juu ya Engare Nanyuki. Msomaji acheke anapojikwaa, arudi nyuma, ajaribu tena. Lakini kila njia iwe na malipo yake, na aliyeshindwa atoe mji. Taifa lililozoea kuketi kimya mpaka pazia lishuke litaketi vivyo hivyo siku shamba lake litakapochukuliwa.