Mpambe Kukatwa Pichani? Bibi Harusi Kachemka!

Picha za harusi ya staa mmoja zilizopigwa ufukweni Fumba zimetrendi, ila povu linamwagika kwa sababu ya mpambe. Dada wa watu kabeba shela juani, kampepea bibi harusi, kamfuta jasho. Picha kupostiwa, kakatwa! Umebaki mkono na pepeo tu. Timu staa wanajitetea: "Si kalipwa?"

Kulipwa kitu kingine, kufutwa kitu kingine. Kule Patna, India, mwaka 1917 ilipatikana sanamu kando ya mto Ganga, maarufu kama Yakshi wa Didarganj. Mayakshi ni viumbe wa kike wa hadithi za kale, wahudumu wa Kubera, mungu wa utajiri. Huyu kachongwa kwa jiwe moja lililosuguliwa likang'aa kama kioo, kashika usinga wa kufukuzia nzi. Mkono mmoja umekatika, pua imemeguka, na bado watu wanafunga safari kwenda makumbusho kumwona. Na bosi aliyekuwa akipepewa? Hajulikani. Kabaki mpambe.

Unguja neno hili lina kidonda chake. Zamani wapambe walikuwa wajakazi, wakivishwa dhahabu kufuatana na mabibi zao, na uzuri wao ukahesabiwa sifa ya bibi. Mpambe wa leo ni mtu huru, ana jina lake.

Staa, rudisha picha nzima, mtagi mwenzio. Wadau mnasemaje?